Msimhamishe Mtoto ili Asome

Tanga likishaanuliwa, kabla ndugu waliotoka Mwanza na Bunda hawajapanda gari kurudi kwao, ukoo hukaa kikao. Habari ya shamba na ng'ombe huchukua saa nzima. Kama marehemu alikuwa mvuvi, habari ya mtumbwi, injini na nyavu huchukua saa nyingine, na madeni yake ya mwaloni hujadiliwa kwa sauti za juu. Watoto hufikiwa mwisho, watu wamechoka, na mara nyingi shauri lao humalizwa kwa kauli moja: "Hawa tuwatafutie kituo, angalau watasoma." Hakuna anayebisha. Bibi yao, ambaye amekuwa akiwapikia tangu mama yao alipolazwa mara ya kwanza, haulizwi chochote. Na hata angeulizwa, ni bibi gani wa huku kwetu Kiriba, Musoma Vijijini, atasimama mbele ya watu aseme hataki wajukuu wake wasome?

Ninabishana na kauli hiyo. Wanaoisema si watu wabaya. Ni mashemeji, walimu wakuu, mapadre na wachungaji. Ni wafadhili wanaotuma fedha kutoka mbali kila mwezi bila kukosa. Ni watumishi wa vituo wanaokesha na watoto wa wenzao wakiwa na homa. Kwa kuwa ni watu wema, kauli yao imepita miaka na miaka bila kuhojiwa, hadi imekuwa kama sheria kutoka Majita hadi Butiama: mtoto aliyefiwa au aliyetelekezwa, elimu yake iko kituoni. Mimi nasema elimu yake iko pale anapolala na kupendwa, na kwamba shilingi inayomtaka mtoto ahame kwao kwanza ndipo imsomeshe imewekwa mahali pasipofaa.

Tuanze na nani hasa anaishi vituoni. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilitoa taarifa kuhusu watoto wanaolelewa kwenye taasisi duniani, likaeleza kwamba angalau wanne kati ya watano wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kwetu huku nani atashangaa? Tunawajua. Baba yuko machimboni Geita, hajatuma kitu tangu Pasaka. Mama yupo, anauza dagaa mwaloni, ana watoto watano na chumba kimoja. Mjomba yupo, shangazi yupo, bibi yupo. Watu hawakukosekana. Zilikosekana sare mbili, jozi ya viatu, madaftari, debe la mahindi la chakula cha shule na taa ya sola ya kusomea usiku. Kituo kiliposema kina vyote hivyo, familia ilipiga hesabu ambayo familia yoyote maskini ingepiga, ikamtoa mtoto mmoja, mara nyingi yule anayeongoza darasani. Kisha akaandikwa kwenye fomu kama mtoto asiye na mtu.

Zamani kauli ya "bibi hataweza kumsomesha" ilikuwa na mashiko, kwa sababu ada ilikuwapo na bibi hakuwa nayo. Lakini ada ya shule ya msingi iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016. Ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka 2022. Sisemi kwamba shule sasa haina gharama. Mzazi yeyote wa Musoma Vijijini anajua michango ya chakula, mitihani ya majaribio, sodo za binti, nauli ya kwenda shule ya bweni aliyopangiwa mbali. Ninachosema ni kwamba vyote vilivyobaki vinaweza kupakiwa kwenye bodaboda moja na kupelekwa hadi mlangoni kwa bibi. Kama vitu vinaweza kusafiri, kwa nini asafiri mtoto?

Jibu ninalopewa ni kwamba kituoni inakuwa rahisi: watoto wote mahali pamoja, hesabu moja, jiko moja. Ni rahisi kwa anayehesabu, ila fedha hailingani. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa umeikumba Kagera, ng'ambo ya ziwa hilihili, Benki ya Dunia ililinganisha gharama. Kumlea mtoto mmoja kwenye taasisi kulimaliza zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa katika familia inayomlea. Bei zimebadilika tangu wakati ule, ila sababu za tofauti hiyo ni zilezile. Kituo lazima kilipe mlinzi, mpishi, mhasibu, ukuta, gari na mafuta yake, kabla daftari la kwanza halijanunuliwa. Bibi halipwi mshahara. Kwa fedha inayotunza kitanda kimoja bwenini, watoto watano au sita wangebaki kwao wakaenda shule wameshiba. Mfadhili anayedhani amemwokoa mmoja hajaambiwa juu ya wale wengine.

Fedha, hata hivyo, si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni kile anachopoteza mtoto wakati anasoma.

Kiriba ni nchi ya ziwa na miamba, na shamba la muhogo au mtama lina mpaka ambao hauko kwenye karatasi. Uko kwenye vichwa vya watu. Ni jiwe lile, ni mti ule, ni njia ya ng'ombe iliyokuwa ikipita hapa kabla ya nyumba ya fulani. Mtoto haujui mpaka huo kwa kuambiwa siku moja. Anaujua kwa kutembea nyuma ya babu yake akichunga, kwa kupalilia na shangazi yake, kwa kusikia ugomvi wa baba zake wadogo na jinsi ulivyoamuliwa. Na majirani nao wanamjua yeye: wanajua huyu ni mtoto wa nani, wamemwona akikua, watakuwa mashahidi wake. Mpeleke kituoni ana miaka sita, umrudishe ana 18 na cheti cha kidato cha nne. Cheti anacho. Shamba la baba yake limekwisha kulimwa na wengine kwa miaka 12, na wale wazee wawili waliojua jiwe lile liko wapi wamekwisha kufa. Atakwenda kwenye baraza la kata kudai kitu asichoweza hata kukionyesha kwa kidole. Binti naye, siku ya kuposwa, watu wanatafutana nani apokee wageni, kwa kuwa hakuna nyumba ambayo alitoka humo akijulikana.

Tena kuna lugha. Watoto wengi wa vituo hurudi wakiwa na Kiswahili kizuri, Kiingereza kidogo, na hawawezi kumsalimia bibi yao kwa Kijita au Kikwaya akawajibu kama mtu wake. Watu huliona jambo hilo dogo. Kwa kijana wa miaka 18 asiye na kazi, anayehitaji kulala kwa baba mdogo mwezi mmoja huku akitafuta kibarua, si dogo hata kidogo. Ukoo ndio bima pekee ambayo watu wetu wengi wanayo, nao hulipa wale unaowafahamu. Tulimnyang'anya bima hiyo ili tumpe elimu, na elimu yenyewe hatukumnyima kwa sababu ya ukoo. Tulimnyima kwa sababu hatukutaka kuibeba elimu hadi kwa ukoo.

Sheria yetu iko upande huu tangu zamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake au walezi wake, na inataka uamuzi wa kumtenganisha nao uwe na sababu ya kumlinda. Miongozo ya Umoja wa Mataifa juu ya malezi mbadala, iliyopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao. Uwe ishara kwamba familia ile inahitaji msaada. Miongozo hiyo inataka pia ndugu wasitenganishwe. Sisi tunawatenganisha kwa akili zao za darasani: mwenye akili kituoni, mzito abaki achunge ng'ombe. Sijui tutawaelezaje hao wawili wakikutana wakubwa.

Yapo pia yanayotokea ndani ya kichwa cha mtoto. Kuanzia mwaka 2000 wanasayansi wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walifuatilia watoto 136 wa taasisi za Bucharest, nchini Romania. Baadhi walipelekwa kwa walezi wa familia, wengine wakaendelea na malezi ya taasisi kama kawaida. Waliopata familia walikua na uwezo mkubwa zaidi wa akili, hasa waliochukuliwa kabla ya miaka miwili. Mtoto mchanga anahitaji sura ileile kila asubuhi, mtu anayemjibu akilia. Kwenye chumba chenye vitanda vingi na walezi wa zamu, hilo ni gumu hata kwa mlezi mwenye moyo wa dhahabu. Basi anayetaka mtoto afaulu darasa la saba aanze kufikiria alilelewa vipi akiwa na mwaka mmoja. Elimu haingoji kengele ya shule.

Sasa nifike kwa wanaonipinga kwa hoja nzito, maana wapo, na baadhi yao wanajua mambo haya kuliko mimi.

Wa kwanza ni mwalimu. Anasema: wewe unasifu kwa bibi, mimi ndiye ninayewaona asubuhi. Mwezi ukiwa gizani, wakati dagaa wanavuliwa kwa taa, wavulana wa darasa la sita hawaji, au wanakuja wamelala na mikono inanuka samaki. Walikuwa mwaloni usiku kucha wakivuta nyavu kwa ujira wa ndoo ya dagaa. Wasichana wamebaki kuanika. Na kule alikopelekwa kwa shangazi, yule binti amegeuzwa mtumishi wa nyumba, anaamka wa kwanza na kula wa mwisho. Huko ndiko unakotaka aache kituo akakae?

Mwalimu anasema kweli na sitaipunguza. Kagera tena inatupa ushahidi mchungu: watafiti waliowafuatilia watoto wa mkoa ule tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2004, akina Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya miaka 15 alipoteza takribani mwaka mmoja wa masomo na sentimita mbili hivi za kimo ambazo hakuzipata tena. Hao wengi wao walilelewa katika familia. Familia peke yake, bila kusaidiwa, haimtoshi.

Lakini angalieni neno hilo, bila kusaidiwa. Yule mvulana haendi mwaloni kwa kupenda maji ya usiku. Ndoo ile ya dagaa ndiyo sabuni, chumvi na daftari la mdogo wake. Mletee bibi yake thamani ya ndoo ile, kwa sharti kwamba mtoto aonekane darasani, ndipo umwambie mwalimu ahesabu mahudhurio. Si ndoto. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa Agosti 2012, umejengwa kwa namna hiyohiyo: kaya inalipwa, na sehemu ya malipo inafungamana na mtoto kwenda shule na kliniki. Kasoro zake tunazijua, majina yanayosahaulika na malipo yanayochelewa, ila njia imekwisha kufunguliwa na serikali yenyewe. Kinachoshangaza ni kwamba misaada ya makanisa na ya wafadhili binafsi, ambayo ingeweza kuijaza mianya ya mpango huo kwa watoto waliofiwa, bado inasubiri mtoto afike getini.

Na kuhusu shangazi anayetesa: mtu wa kumwona shangazi ni nani? Kituoni mkaguzi huenda, angalau kwa sheria. Kwa shangazi haendi mtu, kwa sababu tumekubaliana kimyakimya kwamba mtoto akiwa kwa ndugu hatuhusiki. Afisa ustawi wa jamii mmoja anabeba kata nyingi na hana mafuta ya pikipiki. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, ambazo MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, ulitaka ziwepo hadi ngazi ya kijiji, mahali pengi hukumbukwa tu mgeni anapokuja kutoka wilayani. Gharama ya mafuta ya pikipiki ya afisa huyo na posho ndogo ya kamati hiyo ingemfikia yule binti kabla hajaacha shule. Na nyumba ya shangazi ikithibitika kwamba ni ya mateso, sheria inatambua malezi ya kambo: mtoto anaweza kukabidhiwa familia nyingine ya kuaminika, hapohapo kijijini, shule ileile, kaburi la mama yake lilelile. Kati ya shangazi mbaya na bweni lenye watoto mia kuna nyumba nyingi za katikati ambazo hatujabisha hodi.

Mpinzani wangu wa pili ana utafiti mkononi. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 6 hadi 12, waliofiwa au kuachwa, katika nchi tano, Tanzania ikiwamo na Kenya pia. Waliokuwa kwenye taasisi hawakuonekana kuwa na hali mbaya kuliko waliokuwa kwenye familia, na kwa baadhi ya vipimo walikuwa na nafuu. Utafiti huo hutajwa sana na wenye vituo, na wana haki ya kuutaja. Mimi nauamini. Ila tujiulize umepima nini. Upande mmoja ni watoto ambao chakula, matibabu na shule vyao vimelipiwa. Upande wa pili ni watoto wa jamii ileile maskini ambao hawakuhakikishiwa msaada kama huo, wanalelewa katika familia. Kwamba waliolipiwa walilingana na wasiolipiwa, au wakawazidi kidogo tu, kwangu ni ushahidi wa ajabu wa nguvu ya familia, iliyokuwa ikishindana mikono mitupu. Nioneshwe ulinganisho ambamo bibi naye amepewa kile kilichopewa kituo. Isitoshe, watoto wale walikuwa wa miaka sita na kuendelea. Wachanga, ambao Bucharest ilituonyesha ndio wanaoumia zaidi, hawakuwamo.

Wa tatu hunitajia Mwalimu Nyerere. Alitoka Butiama mwaka 1934 akiwa na miaka 12, akaenda kulala bweni Mwisenge, mjini Musoma, kisha Tabora. Bweni lilimfanya Nyerere, wanasema, na wewe unalipinga bweni. Silipingi. Nyerere alikwenda bwenini akiwa na baba, Chifu Burito, na mama, Mugaya, na likizo ilimrudisha kwenye boma alilozaliwa. Jina lake lilikuwa likimsubiri kule. Aliingia shuleni kama mtu anayetoka mahali, naye alirudi kuzikwa mahali hapohapo. Shule ya bweni ni jambo moja, na makao ya kudumu ni jambo lingine kabisa. Binti wa kidato cha tatu anayetembea kilomita nyingi kila siku kati ya mwalo na shule anaweza kufaidika sana na hosteli ya shule, na ningefurahi fedha za wafadhili zikijenga hosteli hizo. Ijumaa anakwenda kwao.

Kuna jambo la nne, ambalo sitalijibu kwa kubishana, kwa kuwa kwenye jambo hili wanaonipinga wako sahihi. Mkoa wa Mara una watoto ambao nyumbani ndiko kwenye kisu. Msimu wa ukeketaji unapokaribia, Desemba, wasichana hukimbia usiku kupitia mashambani hadi polisi, kanisani, au kwenye nyumba salama. Rhobi Samwelly na shirika lake la Hope for Girls and Women wamewapokea Mugumu, Serengeti, na Kiabakari, Butiama. Kule Tarime kuna nyumba kama hiyo Masanga. Sheria imekataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998, lakini sheria haimfichi mtoto usiku. Nyumba hizo humficha. Anayetaka kuzifunga kwa jina la "mtoto akae na familia" hajui anachokisema, na sitaki hoja yangu itumiwe na mtu wa namna hiyo.

Ila hata hapo, tazameni jinsi kazi ile inavyofanywa. Msimu ukipita, watu wa nyumba salama huenda kuzungumza na wazazi. Panapokuwa na wazazi wanaoahidi kwa dhati, binti hurudishwa na kuendelea kufuatiliwa. Pasipokuwa na usalama, anabaki, anasoma au anajifunza ushonaji na fani nyingine. Wanakaa na mtoto kwa sababu ya hatari, na hatari ikiondoka wanamrudisha kwao. Hicho ndicho kipimo ninachokitaka kwa kila makao: mlango unaofunguka pande zote mbili. Kinachonisikitisha ni binti aliyerudishwa kwao akakosa ada ya fani aliyoianza, kwa sababu mfadhili wake alikuwa akilipia wasichana wa ndani tu.

Wengine hunijibu kwamba haya ni mawazo ya Wazungu waliochoka kutoa. Basi watazame majirani zetu. Rwanda ilianza mwaka 2012 kuwarudisha watoto wa vituo kwenye familia, nchi yenye yatima wa mauaji ya 1994 ambao ingekuwa rahisi kuwaweka mabwenini milele. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kwenye familia na jamii. Hizo ni serikali za Kiafrika, na zimeamua mambo yao. Na huko Uingereza, ambako watoto wanaotunzwa na serikali wengi wanaishi kwa familia za kambo, tangu mwaka 2014 sheria imeitaka kila halmashauri ya England iwe na angalau ofisa mmoja anayewajibika kwa elimu ya watoto hao wote, shule yoyote waliyopo. Ipo pia fedha ya ziada inayowafuata huko. Mtoto akihama mlezi, fedha inamfuata na ofisa anaendelea kuwajibika kwake. Sisi tumegeuza: fedha imekaa, mtoto ndiye anayehama.

Mnaweza kuniuliza vituo vilivyopo vifanyweje. Visibomolewe. Vina majiko, visima, vyumba, umeme wa sola, vitabu, na watu wanaojua watoto. Vifungue milango mchana. Mtoto wa kwa bibi apite pale akitoka shule, ale, afanye kazi ya nyumbani chini ya taa, asaidiwe hesabu, acheze mpira, apimwe malaria, kisha jioni aende kulala kwao. Kituo kilichokuwa na watoto 40 wa ndani kingeweza kuwa na 200 wa mchana. Mama mlezi aliyekuwa akifua mashuka awe ndiye anayetembelea nyumba. Najua kuna wafadhili wanaopenda kuona picha ya watoto wamepangwa mbele ya jengo lenye jina la kanisa lao. Wapigwe picha mbele ya nyumba za mabibi zao, nazo ni nzuri.

Na pawe na mtu wa kufuatilia karatasi za mtoto. Hili halina mvuto, halichangiwi kwenye harambee, lakini ndilo linalowaangusha vijana wetu wakiwa wamefika karibu kabisa. Mtoto anayeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7 na asirudie hata mara moja anatimiza 18 akiwa ndio anaingia kidato cha tano. Kisheria si mtoto tena. Kituo kinamuaga, mfadhili anahamia kwa mdogo mwingine. Akifaulu kidato cha sita, Bodi ya Mikopo itamtaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na akisema ni yatima itamtaka vyeti vya vifo vya wazazi. Nani alivikata? Baba alizama ziwani, maiti haikuonekana, na siku ya matanga ukoo uligawana nyavu bila kumfikiria mtendaji wa kijiji. Mama alifia kwao, Ukerewe. Kijana wa miaka 20 anazunguka mwezi mzima kati ya ofisi na ofisi akitafuta uthibitisho wa jambo ambalo kijiji kizima kinalijua, na dirisha la maombi linafungwa. Bibi na mjomba wakiwa karibu, na mtu mmoja wa parokia au wa shule akiwa amepewa kazi hiyo tangu mwanzo, vyeti hivyo vingeanza kushughulikiwa wiki ya msiba, wakati mashahidi wote wako pale.

Watu wa Musoma Vijijini wamejenga madarasa kwa mikono yao, wamesomba mawe, mchanga na maji kichwani, wanawake na wanaume, ili watoto wasitembee mbali. Watu hao hawawezi kuambiwa kwamba hawajali elimu, au kwamba mtoto aliyefiwa mikononi mwao hana wa kumsomesha. Waliwahi kuombwa kulea kwa msaada, au waliombwa tu kumtoa?

Kwa hiyo ninyi mnaochanga, hapa Mara na huko mbali, kabla ya kutuma mchango wa mwezi ujao kiulizeni kituo chenu maswali haya kwa kila mtoto kwa jina lake: ndugu gani alitafutwa, nyumba yake ilitembelewa lini, na angehitaji kiasi gani ili amlee na kumsomesha akiwa kwake. Kikiwa na majibu, na majibu yakaonyesha kwamba nyumbani kuna hatari, endeleeni kukichangia kwa moyo wote. Kikikosa majibu, pelekeni fedha ile moja kwa moja shuleni na kwenye duka la sare, kwa jina la mtoto anayeishi kwa bibi yake, na mumlipe mtu wa kwenda kumtembelea kila mwezi hadi amalize fani au chuo, hata kama atakuwa amepita miaka 18.